Kilomita za Daktari wa Ng'ombe

Mwaniki,

Huko Mombasa usimwambie mtu kwamba mama yako hukuita baba. Watacheka, na kuwaeleza kutakuchosha. Sisi huku tunaelewana: umepewa jina la baba yangu, na kwa kuwa nilikuzaa nikiwa kwetu, bila upande mwingine wa kudai jina lao litangulie, jina hilo lilikuwa lako kabla hujafungua macho. Tangu siku ile hospitalini nimekuita baba na kukukaripia kama mtoto, na hatujawahi kuchanganyikiwa.

Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda Karatina kumuaga mama mdogo, na nikimjua dada yangu hatakuachilia kabla hujamaliza sufuria. Sanduku lako liko mlangoni. Sitaandika habari za chandarua, wala joto, wala kanisa la kwenda Jumapili. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kujibu "sawa mum" kabla sijamaliza sentensi. Nataka kuandika habari za lile gari jeupe.

Unalijua. Wiki tatu zilizopita rafiki yako wa Karatina, aliyetaka kuliuza, alilileta kibandani kwangu nikiwa sokoni. Ulichomeka waya wa kompyuta chini ya usukani, ukalikuta na kilomita laki moja tisini na moja elfu, ukaliacha na themanini na mbili elfu. Nilirudi mapema kuliko ulivyotarajia. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na mfuko wa viazi, nikaziona namba zote mbili, ya kwanza na ya pili. Ulipogeuka ulicheka.

"Mum, ni namba tu. Ni kama kurekebisha saa."

Sikusema kitu. Niliweka viazi chini nikaenda kuwasha jiko. Na wewe ukadhani nimekubali. Najua ulidhani hivyo kwa sababu jioni uliniletea mandazi, na wewe huwa huniletei mandazi nikiwa nimekasirika, huwa unapotea tu hadi hasira ipoe. Sikuwa nimekubali, baba. Sikuwa na mdomo wa kusema. Kesho unaenda kufanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na watakuomba jambo lilelile kabla hujaonyeshwa choo kilipo. Sitaki uende ukidhani kimya changu kilikuwa ruhusa. Kwa hiyo inabidi nikueleze kwa nini nilinyamaza, na kueleza kunaniaibisha, ndiyo maana naandika badala ya kukungoja mezani.

Babu yako, huyo mwenye jina, alikuwa fundi wa saa hapa mjini Nyeri. Meza yake ilikuwa barazani kwa duka la nguo, mahali ambapo jua la asubuhi lilimfikia likamtoa baridi mikononi. Alivaa sweta ileile mwaka mzima. Kioo chake cha kukuzia alikibana jichoni, akazungumza na watu hivyohivyo, jicho moja kubwa na jingine limefumba, na watoto tulimwogopa na kumcheka kwa wakati mmoja. Kabla hajarudisha saa ya mtu, alifungua kifuniko cha nyuma akakwaruza kwa sindano alama yake na tarehe, ndani kabisa, mahali ambapo mwenye saa hawezi kuona hata siku moja. Nilimuuliza, nikiwa na miaka kama kumi, anamwandikia nani.

"Ninamwandikia fundi mwingine," akasema. "Siku moja atafungua, na atataka kujua nini ilifanyika hapa."

Simu zilipokuja saa zikaisha. Baba naye akaisha, si kwa sababu ya simu, lakini niliona kama vilifuatana. Nikabaki na sindano zake, bisibisi zake ndogo na kile kioo. Ndipo dereva mmoja wa lori la maziwa akaniletea mita ya gari iliyokwama. Nilipoifungua nikakuta magurudumu madogo yenye meno, yameshikana moja na jingine, nikajua nimeshaona vitu hivi. Nililia kidogo siku hiyo. Dereva alidhani imeshindikana kutengenezeka.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mama Mita. Wateja walitoka Murang'a, walitoka Mwea, na wale wafanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki wakaniletea mita za malori yao zilizotikiswa na barabara ya Doldol hadi sindano ikalala. Ulikulia chini ya meza ile. Na kila mita niliyoifungua niliikwaruza ndani ya kifuniko namba niliyoikuta, kama baba. Watu wa kutaka kurudisha kilomita walikuja pia. Hao niliwafukuza kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. Nitakuambia ukweli, nilipenda kuwafukuza. Nilikuwa na maringo ya mtu ambaye hajajaribiwa vizuri.

Kosa langu halikuja na sura ya wezi. Lilikuja likiwa limechana nywele.

Ni miaka minne sasa. Ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo uliambulia nduma tu katika hadithi hii, na nitafika hapo. Kwenye gereji ya jirani yangu kulikuwa na Pijo ya zamani, ile ndefu ya nyuma, iliyokuwa imekaa juu ya mawe huko Othaya tangu mwenyewe afariki. Mwenyewe alikuwa daktari wa ng'ombe. Miaka yote ya kazi yake alichanja mifugo kutoka kwetu huku hadi Doldol, na gari lilikuwa lake na yeye wa gari. Mwanawe anayeitwa Wahome, mtu mpole wa Nairobi, aliamua kulifufua ampe mama yake siku ya kutimiza miaka themanini. Walilifungua lote. Injini ilisagwa upya, bodi ikakatwa palipooza ikaunganishwa, viti vikashonwa. Rangi ilikuwa ileile ya zamani, kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mimi nililetewa mita, imefungwa kwenye gazeti. Ilisoma elfu themanini na nne, mia mbili na kumi na saba.

Wahome alikuja mwenyewe.

"Mama Mwaniki, weka sifuri."

Nikaanza kukunja uso wangu wa kufukuzia watu. Akaniwahi.

"Sikiza kwanza. Hatuuzi. Ni zawadi ya mathe. Na hii gari sasa kila kitu ni mpya, injini, breki, kila kitu. Sasa tukiacha hiyo namba ya zamani, si hiyo ndio itakuwa uongo?"

Alinipata hapo. Nilifikiri siku nzima. Isitoshe mita yenyewe ilikuwa ya magurudumu matano, ikifika laki moja inajirudisha sifuri bila kuuliza mtu, na ilikuwa imeshafanya hivyo zaidi ya mara moja. Nikajiambia kwamba kama mita hujifuta yenyewe, mimi ni nani nione dhambi. Hadi leo sijui jibu zuri la swali la Wahome. Gari lililozaliwa upya linaweza kustahili sifuri. Kama wenyewe wote wangekaa wakakubaliana, ningeweka sifuri hata kesho na kulala usingizi. Kosa ni kwamba tuliamua wawili juu ya kitu cha mtu wa tatu, na hatukumuuliza kwa sababu tulitaka kumfurahisha.

Niliziosha zile namba kwa brashi ya rangi ya kucha. Nilizipaka weupe moja moja. Ndani ya kifuniko nikakwaruza 84217, nikafunga, na zile sifuri tano zikasimama mstari mmoja bila hata moja kuinama. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliiweka kwenye kabati ya vyombo siku mbili zaidi ili niitazame.

Nikaalikwa kwenye sherehe. Kulikuwa na hema, kwaya, sufuria za mukimo za kutosha kata nzima, na gari limefunikwa shuka. Lilipofunuliwa akina mama walipiga vigelegele kama mtoto amezaliwa. Cucu Wangui, ndilo jina la mama yake Wahome, na huku nyanya zetu tunawaita cucu, alikuwa mwanamke mdogo mwenye kofia ya sufu. Alilizunguka gari akiligusa kwa kiganja. Kisha akafungua mlango wa abiria, maana hajawahi kuendesha, akaketi, akainama upande wa usukani. Akakaa hivyo muda mrefu. Watu walianza kuchukua sahani. Akamwita Wahome, na Wahome, kwa fahari zote, akaniita mimi.

"Zile namba ziko wapi?" Cucu akauliza.

Nilimtazama Wahome. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja chungu. Nikaona hatasema, nikaona watu wamegeuka, nikaona jina langu zuri limesimama pale katikati ya hema. Nikafungua mdomo.

"Zilikuwa zimeharibika, Cucu. Meno yalikuwa yamelika kabisa. Nilijaribu, zikakataa."

Yeye alinitazama, akakubali. Hilo ndilo linaloniuma. Alinishika mkono akanivuta niketi kiti cha dereva, na pale, mbele ya sifuri zangu, akanieleza nilichofuta.

Mume wake alikuwa akiondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, wakati mwingine Ijumaa ya pili. Simu hazikuwako. Aliporudi, Cucu hakumsalimu kwanza. Alikwenda kwenye gari, akasoma mita, akatoa ile namba aliyokuwa ameiweka kichwani tangu Jumatatu. Mwanzoni ulikuwa ni wivu.

"Nilikuwa naangalia kama amepitia kwa mwanamke Nanyuki," alisema, na akacheka na meno yake machache. "Ananingoja tu kwa kiti. Namwambia, mia tatu na kumi na nne. Hiyo kumi na nne ulienda wapi? Ananieleza. Ati daraja ilibebwa. Ati ng'ombe ya mtu."

Wivu uliisha, desturi ikabaki. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Wakati mita ilipokaribia kujirudisha mara ya kwanza, mume wake alimpakia yeye na watoto wakaenda hadi Naro Moru, wakasimama kando ya barabara, kisha akaendesha polepole ili wote waone sifuri zikiingia. Na Ijumaa ya mwisho alirudi na homa. Cucu alimshika akamwingiza ndani, hakusoma mita. Juma lililofuata wakamzika. Baada ya matanga ndipo alipokwenda kwenye gari, akasoma, akatoa. Kulikuwa na kilomita arobaini zisizo na maelezo, na mtu wa kumuuliza hakuwako.

"Kwa hivyo nilikuwa nakuja kukaa nayo tu," akasema. "Hapo kwa hiyo namba ndio alisimama." Akapapasa mkono wangu. "Lakini haidhuru, mwanangu. Kama ulijaribu."

Mwaniki, namba ilikuwa nyuma ya kioo kile, nusu shubiri kutoka kidole chake, imekwaruzwa kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi ya kuirudisha ni nusu saa. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikasema "pole, Cucu." Wakati wa kuondoka alinijazia kiondo cha nduma, magimbi ya mtoni kwake, na ulipofunga shule ulizila ukasema ni tamu.

Mwaka wa kwanza nilisema nitaenda Pasaka. Kisha nikasema nitampigia Wahome kwanza, kisha nikasema mvua ikipungua. Uongo wa aina ile unazidi kuwa mgumu kuutoa kadiri unavyokaa, kama bolti ya gari la juu ya mawe. Nilipokutana na nduma sokoni nilipita upande wa pili, nikajisingizia kwamba zimeanza kunisumbua tumbo. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kuanzia siku ile niliacha kuwafukuza wale watu wa kurudisha kilomita kwa sauti. Niliwaambia niko na kazi nyingi, waende kwingine. Sauti ilikuwa imenitoka. Wewe ulipomaliza shule ukaja kuketi kwenye meza yangu, ulikuta mama asiyesema ndiyo na asiyesema hapana. Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba ni namba tu, kwa kutosema kitu chochote.

Sasa kuna jambo usilolijua. Mwalimu wa Murang'a aliyenunua lile gari jeupe alikuja kibandani juma lililofuata. Hukuwako. Taa ya dashibodi ilikuwa imekufa na mtu alimwelekeza kwangu. Ni msichana tu, labda anakuzidi miaka sita, ana mtoto mdogo aliyelala kiti cha nyuma na kiatu kimoja. Nilipomaliza taa akasimama kidogo, akiona haya kuuliza.

"Mama, hii kilomita ni ya ukweli? Nimeonelea niulize mtu mzima."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mita inafanya kazi vizuri."

Na ni kweli, inafanya kazi vizuri. Alinishukuru, akaniandikia namba yake ya simu, nimpigie nikipata kioo cha saa yake ya ukutani iliyovunjika. Nikamwona akishuka barabara, na ndipo nikakumbuka mkanda wa injini. Gari lile mkanda wake hubadilishwa kila kilomita laki moja. Yeye anaamini bado ana elfu kumi na nane za kutembea, kumbe huenda zimebaki tisa tu, au umepitiliza zamani. Umepita mwenyewe kwenye zile kona za Murang'a. Ukikatika akiwa anapanda, na lori liko nyuma yake, na yule mtoto wa kiatu kimoja ndani, tutasema ni namba tu?

Nilikaa kibandani bila kufanya kazi mpaka jua likahama mezani. Nilitaka kuja kukugombeza. Nikaona siwezi, maana wewe ulidanganya mashine na mimi nilidanganya uso wa mtu, tena mara mbili. Jumanne, ulipokuwa umeenda kuchukua vyeti vyako, nikatia bisibisi na sindano za baba mkobani nikaenda Othaya.

Nilimkuta Cucu Wangui uani akipura maharagwe kwa kijiti. Amepungua sana. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akaanza kunyanyuka akatafute maziwa, nikamwambia aketi, leo sijaja kunywa kitu. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Sikumtaja Wahome, yeye ana mdomo wake. Nilisema mita haikuwa imelika, niliirudisha kwa mkono wangu, na nilipoulizwa nilisema uongo kwa sababu niliona aibu.

Aliendelea kupura. Nilihesabu mapigo ya kile kijiti kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kisha akakiweka chini.

"Ulinipatia uongo," akasema, "na mimi nikakupatia nduma."

"Ndiyo, Cucu."

"Na nikakuombea. Nilisema, huyu msichana alijaribu." Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Miaka nne nakaa kwa hiyo gari nikijua kitu ya mume wangu ilijikula yenyewe. Nililia mara ya pili. Mtu hafai kulia mara mbili kwa mtu mmoja."

Nililia mimi pia, na hakunibembeleza, na nilishukuru kwamba hakunibembeleza. Baada ya muda akachukua fimbo yake akaniambia nimfuate.

Gari liko kwenye banda la mabati, safi, mjukuu huliosha kila Jumamosi. Nilitoa dashibodi, nikachomoa mita, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha ndani. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine, na nikaona midomo yake ikisoma. Nane. Nne. Mbili. Moja. Saba.

"Niache nirudishe, Cucu. Ni kazi ya nusu saa."

"Ngoja. Hapo kwa kioo sasa inasema nini?"

Nikamwambia. Elfu moja, mia tisa na sita.

"Sasa ukiweka ile yake peke yake, hizi zangu zinaenda wapi?"

Sikumwelewa. Akaniona sielewi, akaanza kunihesabia kwa vidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto mgumu wa kichwa. Kanisani kila Jumapili, mjukuu akiendesha. Kliniki ya macho Nyeri. Harusi ya Mweiga. Mazishi mawili. Na Doldol, mara moja.

"Doldol, Cucu?"

"Miaka yote hakuwahi kunipeleka. Ati ni vumbi. Nikaambia huyu kijana, nipeleke. Nilitaka kujua zile arobaini."

"Ukazijua?"

"Nilizijua." Hapo ndipo alipotabasamu mara ya kwanza. "Kuna boma iko mbali na barabara. Ng'ombe yao ilikuwa imeshindwa kuzaa, na yeye alikuwa amemaliza kazi, anakuja nyumbani, na homa yake tayari. Akarudi nyuma. Kijana wa hiyo boma sasa ni mzee wa ndevu, ndiye alituonyesha. Tukapima na hii gari. Ishirini kuenda, ishirini kurudi. Ng'ombe ilizaa."

Akagonga kioo cha mita kwa kidole.

"Kwa hivyo jumlisha. Weka yake, uongeze yangu. Asije akaniuliza nilikuwa wapi nikose kitu ya kumwambia."

Nikajumlisha kwa kalamu nyuma ya kiganja, na yeye akajumlisha kichwani akanishinda. Elfu themanini na sita, mia moja ishirini na tatu. Niliangusha bisibisi mara mbili kwenye vumbi, na yeye akasema fundi gani huyu. Nilipomaliza alisoma kwa kuambiwa, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharagwe yake. Hakunipa kitu cha kubeba. Nilipofika langoni aliniita, nikadhani amenisamehe. Alitaka tu nifunge lango vizuri, kuku hutoka. Labda ndiyo namna yake ya kusamehe, labda sivyo, na nimeamua kutotafuta kujua.

Baba, sijui utaishije huko. Sina la kukuambia kuhusu yadi ile, maana sijawahi kufanya kazi mahali ambapo kila mtu anafanya jambo moja na wewe ni mgeni mwenye njaa. Huenda utasema hapana wakakucheka. Huenda utasema ndiyo siku mbili tatu, kisha ushindwe. Mimi nilikuwa na meza yangu mwenyewe, na jina langu, na miaka hamsini, na bado nilishindwa kusema neno moja kwa mwanamke mzee aliyeniuliza kwa upole. Kwa hiyo siwezi kukunyooshea kidole. Nimeona tu kwamba siku ya kuulizwa huja, na anayeuliza huwa ni mtu kama Cucu Wangui au yule mwalimu, mtu ambaye tayari ameamua kukuamini.

Leo asubuhi nilimpigia mwalimu. Nilimwambia tuna neno kuhusu gari lake, neno zito kidogo, na asiendeshe kwenda mbali mpaka tuzungumze. Sikumwambia ni neno gani. Atatungoja kesho saa nne karibu na soko la Murang'a. Nilimwambia mkanda nitambadilishia mimi, na hayo mengine kati yake na rafiki yako yatafuata baada ya kujua.

Basi lako la Mombasa linatoka Nairobi jioni, kwa hiyo muda upo. Kesho nitatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na nimeshaandaa koti. Nimeandika mahali namba ya kweli niliyoiona siku ile kabla hujaibadilisha, kwa hiyo hatutababaika. Ukipenda wewe ndiye utakayesema, na ukikwama nitaendeleza. Ukiona huwezi, panda gari linalokwenda Nairobi moja kwa moja. Sitakufuata, sitakununia, na Jumapili nitakupigia simu kama mama yeyote.

Lakini mimi nitashuka Murang'a.

Mama